Kilichokuwa Ndani ya Mpini

Mhadhiri wetu wa mbinu za utafiti alitutaka tuchague kitu kimoja cha nyumbani na tuulize kinatoa ushahidi gani. Wenzangu walileta picha, vyeti vya ubatizo, hati za shamba. Mimi nilileta kisu cha kukunja chenye mpini wa plastiki uliopasuka. Kilikuwa cha babu, baba yake baba yangu, na kwetu Rumonge hutunzwa kabatini pamoja na vitambulisho.

Hadithi yake naijua tangu utotoni, kwa sababu Baba huisimulia kila ndugu wanapokutana. Babu alikipata kwa Mbelgiji mmoja kwenye mashamba ya michikichi, kabla ya uhuru wa 1962. Mwaka 1972 alivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa mtumbwi, na kisu hiki kilikuwa mfukoni mwake vivi hivi kilivyo. Kisha tukarudi. Hapo hadithi inaisha. Hiyo "kisha tukarudi" ni miaka 36, lakini kwetu husemwa kwa pumzi moja.

Matukio yenyewe yanajulikana. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu, wengi wao Watutsi. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma. Makadirio mengi yanaanzia watu 100,000. Waliokaa ufukweni walikuwa na njia moja karibu nao, nayo ni maji. Waliofika Kigoma walipelekwa baadaye katika makazi ya Ulyankulu na Katumba, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Mishamo. Familia yetu iliishi Mishamo. Mimi mwenyewe nilizaliwa huko, na bado sikuwahi kuuliza kisu kilikuwa kikifanya nini miaka yote hiyo.

Nilianza na kutengeneza. Sikutaka kukipeleka darasani kikiwa kinalegea. Ufa ulianzia kwenye ribiti inayoshika bamba, ukashuka karibu nusu ya mpini. Nilikiosha kwa sabuni na mswaki wa zamani, maana mafuta ya samaki huingia kila mahali, nikakausha, nikatia supa glu, nikakaza kwa uzi usiku kucha. Asubuhi gundi ilibanduka yote kama gamba la samaki. Nikakwaruza kwa msasa, nikarudia. Ikabanduka tena.

Jioni nilikwenda kwa mzee mmoja sokoni anayeziba mabeseni yaliyopasuka. Alikigeuza mkononi mara moja tu.

"Kijana, hii ni plastiki ya bidoni. Haishiki gundi. Hii inataka moto."

Niliporudi nyumbani nilikaa na maneno hayo kuliko nilivyokaa na kisu. Mpini wa kisu cha Mbelgiji wa miaka ya 1950 ulipaswa kuwa wa mti, pembe au bakelaiti. Bakelaiti ilivumbuliwa mwaka 1907 na Leo Baekeland, mzaliwa wa Ghent, Ubelgiji, aliyehamia Marekani. Ikishakauka haiyeyuki tena hata uipashe moto. Plastiki ya madumu ni poliethilini ngumu, ambayo njia nyepesi ya kuitengeneza ilipatikana Ujerumani mwaka 1953 kwa kazi ya Karl Ziegler. Hiyo huyeyuka, na gundi za kawaida haziing'ang'anii. Nilichoma sindano, nikaigusisha kwenye ukingo usioonekana. Ikazama kama kwenye siagi, ikatoa harufu ya mshumaa uliozimwa. Mpini huu haukuwa wa Mbelgiji yeyote.

Kwa bamba sikuwa na la kusema. Karibu na ribiti zimebaki herufi nne, NGEN, ambazo nadhani ni mwisho wa neno Solingen, mji wa Ujerumani unaojulikana kwa visu. Hilo halithibitishi tarehe. Visu vya Solingen viliuzwa Afrika wakati wa Wajerumani, na viliendelea kuuzwa muda mrefu baada ya Wabelgiji kuiteka Burundi mwaka 1916. Linakubaliana na hadithi ya Baba, basi.

Ili kuziba ufa kutoka ndani ilibidi nifungue mpini. Baba hakupenda. Alisema kitu cha marehemu hakifunguliwi kama redio. Nilimwomba siku mbili, na siku ya tatu alitoka nje bila kujibu. Nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Nilisaga kichwa cha ribiti kwa tupa, nikaisukuma kwa msumari. Kila upande wa mpini ulikuwa na vipande viwili vya plastiki vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine na kuunganishwa kingoni kwa chuma cha moto, kwa kuwa ukuta wa dumu ni mwembamba. Nje plastiki ilikuwa imechujuka na jua hadi kijivu. Ndani ilikuwa bluu kali. Na kwenye kipande cha ndani zilisimama alama zilizopigwa kiwandani: 20, na nusu ya herufi L.

Nakiri nilitamani iwe alama ya shirika la wakimbizi, ili insha yangu iwe nzito zaidi. Ilikuwa dumu la lita ishirini tu.

Nilimpelekea Bibi vile vipande kwenye kiganja. Aliviangalia kwanza bila miwani, kisha akaichukua miwani.

"Ule wa mti uliliwa na mchwa," alisema. "Mwaka tuliofyeka msitu Mishamo. Hilo lilikuwa bidoni langu la maji, mjukuu wangu. Lilipasuka chini, tukalia maana hatukuwa na jingine. Babu yako akakata mpini, na kilichobaki tukachotea mahindi. Kisu hicho kimekata tumbaku mpaka baba yako akamaliza shule."

Nikamuuliza kwa nini hatukusikia habari hiyo. Akasema waliporudi mwaka 2008 walikuta michikichi ya watu wengine kwenye shamba lao, na kila walipofungua kinywa mbele ya kamati ya ardhi waliambiwa, "Ninyi ni Watanzania." Kwa hiyo Babu alijifunza kusimulia habari za kabla ya 1972 peke yake. Hizo ndizo zilizomfanya mtu wa hapa.

Liisa Malkki, aliyefanya utafiti Mishamo katikati ya miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1995, aliwakuta wakimbizi wakiisimulia historia ya Burundi kila siku, kwa kina, kana kwamba ndiyo nchi waliyobaki nayo. Nilipomsoma nilidhani ataeleza nyumba yetu. Kwetu ilikuwa kinyume. Kule kambini walisimulia Burundi. Burundi hawasimulii kambi. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo la 1972 walichagua uraia wa Tanzania, na zaidi ya 50,000 wakarudi. Sijui ni nyumba ngapi za hao 50,000 zina kitu kama hiki kabatini, lakini nadhani si chache, na ni vitu ambavyo mtafiti wa nyaraka hatavifungua.

Matengenezo yaliyobaki yalikuwa mafupi. Kwanza nilitoboa tundu dogo kwa msumari wa moto pale ufa ulipoishia, ili usiendelee kukimbia. Nikakata ukanda wa dumu bovu, nikaujaribu kwanza pembeni kuona kama unashikana na plastiki ya zamani. Nilipasha kipande cha msumeno kwenye makaa, nje, upepo ukiwa nyuma yangu. Chuma kikiwa chekundu huunguza plastiki na kutoa moshi mweusi; kinatakiwa kiyeyushe tu. Niliyeyusha ufa na ukanda pamoja kutoka ndani, nikabana kati ya mbao mbili hadi ikapoa. Upande wenye alama sikuugusa. Ribiti mpya ni msumari uliokatwa na kupondwa kwenye jiwe. Niliweka karatasi kati ya bamba na mpini wakati wa kuponda, nikaichomoa baadaye, ili kisu kifunguke bila kubana.

Jumapili iliyofuata walikuja shangazi zangu kutoka Kigwena. Baba alikichukua kisu, akakifungua na kukifunga mara mbili, akaanza kama kawaida: Mbelgiji, michikichi, mtumbwi usiku. Alipofika kwenye "kisha" akanyamaza, akamgeukia Bibi.

"Mama," akasema, "lile bidoni mlilinunua wapi?"