Nguvu ya Kuvuta: Habari za Mizigo katika Nchi ya Mkalama

Wasikilizaji wangu, katika mazungumzo haya nataka kueleza habari za mizigo katika nchi ya Mkalama, ambayo makao makuu ya wilaya yake yapo Nduguti, katika mkoa wa Singida. Sababu yake ni hii. Katika nchi ile mtu mwenye pikapu hufikiri namna ya kuiongezea nguvu ipate kuvuta tela lenye magunia ya vitunguu au ya alizeti mpaka barabara kuu ya Iguguno. Huuliza, “Niibadili injini, au nifanyeje?” Swali hili si geni. Watu wa zamani waliuliza lilo hilo, ingawa hawakuwa na injini, na majibu yao yatufaa hata sasa.

Hapo kwanza mzigo ulichukuliwa kwa kichwa na bega. Mzigo wa mpagazi katika njia za bara ulikuwa kadiri ya ratli 60, yaani kilo 27 au 28. Sasa tufanye hesabu. Mtu akitaka kupeleka tani mbili, atahitaji wapagazi zaidi ya 70. Na kila mpagazi hula. Akila kilo moja ya unga kwa siku, katika safari ya siku 14 atakuwa amekula uzito ulio sawa na nusu ya mzigo wake. Na akirudi siku nyingine 14, atakuwa amekula uzito wa mzigo mzima. Ndiyo maana vitu vilivyosafiri mbali zamani vilikuwa vya thamani, kama pembe za ndovu. Nafaka haikuweza kwenda mbali, maana ilikuwa ikiliwa njiani na wenye kuichukua. Kwa hiyo mahali pengine palikuwa na njaa, na mahali pengine, mwendo wa majuma machache tu, palikuwa na akiba.

Mtu atasema, “Je, ng'ombe hawakuwapo?” Walikuwapo, tena wengi. Lakini ng'ombe wa kukokota hutaka nira, na gari lenye magurudumu, na njia pana. Tena mahali pengi katika nchi za katikati palikuwa na mbung'o, na ng'ombe akipita huko hushikwa na nagana akafa. Basi aliyekuwa na ng'ombe mia nyumbani alitoka safarini na mzigo kichwani.

Zamani za Wadachi boma lilijengwa Mkalama, na dhahabu ilichimbwa Sekenke katika nchi ya Iramba. Dhahabu ya Sekenke ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kupiga sarafu za rupia 15 kule Tabora, wakati wa Vita Kuu. Ona ajabu ya mambo. Dhahabu ni nyepesi kuichukua, lakini chombo cha kuitoa katika jiwe ni kizito. Mtambo wa kuponda mawe haugawanyiki vipande vya ratli 60. Huo hauna budi kuvutwa.

Hata mashine zenyewe hazikuwa na uwezo kama watu walivyodhani. Mwaka 1896 Mdachi mmoja, Edmund Troost, alileta gari la mvuke la kukokota mizigo katika nchi ya Namibia, litoke Swakopmund na kuvuka jangwa. Lilikuwa na nguvu nyingi, lakini mchanga ulilizamisha, na kiu yake ya maji katika nchi isiyo na maji ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1897 likaachwa, wala halikwenda tena. Mwaka 1907 Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa ili avuke Afrika, akafika Swakopmund mwaka 1909. Motokaa ile husifiwa sana, lakini mahali pengi ilivutwa kwa kamba na watu. Mashine yenye nguvu isipopata mahali imara pa kukanyaga ni mzigo mwingine tu.

Jambo hilo lilionekana kwa machozi katika vita. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer yaliingia Kondoa Irangi. Mara mvua kubwa zikanyesha, malori yakazama katika matope, farasi wakafa kwa maradhi, na vyakula vikaja kwa vichwa vya watu. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa wingi sana, wengi wao kwa maradhi, njaa na kuchoka, si kwa risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam latokana na kikosi chao. Kila tukitaja jina lile tukumbuke kwamba injini iliposhindwa, shingo ya mtu ndiyo iliyolipa.

Baadaye ilikuja reli. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika miaka ya 1930 likajengwa tawi kutoka Manyoni, likapita Singida, likafika Kinyangiri, ambayo leo imo katika wilaya ya Mkalama. Faida ya reli ni nini? Gurudumu la chuma juu ya chuma halizami wala halibonyei. Tani moja juu ya reli, mahali tambarare, huvutwa kwa nguvu ya kilo chache tu. Juu ya lami hutaka kama kilo 15, na juu ya mchanga au matope huzidi hiyo mara kumi na zaidi. Lakini tawi lile halikudumu. Katika miaka ya 1940 reli ziling'olewa. Baada ya miaka mingi njia ya Manyoni ilijengwa tena mpaka Singida, lakini Kinyangiri haikurudishiwa reli. Mizigo ya Mkalama ikabaki kwa malori, na kwa mwenye pikapu na tela lake.

Sasa turudi kwa bwana huyu wa Nduguti. Pikapu yake na vilivyomo ni tani mbili, na tela lake ni tani mbili. Katika lami tambarare, akienda polepole, tani hizi nne zataka nguvu ya kuvuta ya kilo 60 tu. Lakini akifika penye mwinuko unaopanda mita moja kwa kila mita kumi, hapo kila tani yaongeza kilo 100. Jumla ni kilo 460, yaani zaidi ya mara saba! Injini ni ile ile, tela ni lile lile; kilichobadilika ni nchi tu.

Basi nguvu hiyo huongezwaje? Njia ya kwanza ni gia. Gia ndogo hutoa mwendo na kununua nguvu. Kadhalika difu: ile ambayo shafti huzunguka mara tano kwa mzunguko mmoja wa gurudumu huvuta kupita ile ya mara nne kwa robo nzima, lakini mwendo hupungua kwa sehemu moja ya tano. Tena wako watu ambao hutia matairi makubwa wakidhani wameongeza nguvu. La, wameipunguza, tairi likizidi kipenyo kwa sehemu moja ya kumi, nguvu ya kuvuta hupungua karibu kadiri hiyo hiyo. Mwenye kuongeza nguvu ya injini yenyewe, kwa turbo au kwa namna nyingine, ajue kwamba moto nao utaongezeka. Rejeta na klachi zisipotengenezwa ziwe imara, ataachwa njiani. Na gurudumu likiteleza, nguvu yote ya injini ni bure.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau, nalo ni kusimama. Katika barabara ya kwenda Nzega, upo mlima Sekenke, unaoshuka kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Kabla lami haijafika katika miaka ya 2000, madereva waliuogopa katika kupanda na katika kushuka. Kilo 400 zile zilizokuvuta nyuma ulipopanda, ndizo zitakazokusukuma mbele ukishuka, wala hazitasikia maombi. Dereva akitegemea breki tupu, zitapata moto na kulegea. Yampasa atie gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, si katikati ya mteremko. Na tela zito liwe na breki zake lenyewe. Magunia yapangwe ili kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela ikae juu ya kulabu. Uzito ukirudi nyuma, tela huanza kutikisa mkia, na likitikisa huweza kuipindua pikapu pamoja na waliomo.

Wasikilizaji, tukiyatazama mambo haya yote tangu mpagazi mpaka pikapu, twaona kwamba nguvu ya kuvuta iliongezwa zaidi kwa kuilainisha njia kuliko kwa kumpiga avutaye. Reli ilifanya hivyo, na lami ilifanya hivyo pale Sekenke. Hata kijiji kichimbacho mfereji kando ya njia yake, ili maji yasilale juu yake, kimeongeza nguvu ya kila gari lipitalo, bila ya kununua spana moja.

Kwa hiyo fundi akikuambia, “Lete fedha, nikuongezee nguvu,” umwulize kwanza, “Na kusimama kwake je?” Akikosa jibu, mshukuru, ugawe magunia yako safari mbili. Vitunguu vitachelewa siku moja kufika Iguguno, lakini dereva atarudi Nduguti kwa watoto wake.