Klabu ya Wananchi, Mfuko wa Mtu Mmoja: Yanga 2006 hadi 2023

Young Africans, ambayo Watanzania wote huiita Yanga, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935 na vijana wa Kiafrika waliotaka timu yao wenyewe katika mji uliokuwa chini ya Waingereza. Tangu siku hizo ilikuwa mali ya wanachama: mtu alikata kadi, akalipa ada, akapata kura katika mkutano mkuu. Hapakuwa na mwenye hisa wala mmiliki. Ili kuelewa ilikuwaje klabu yenye mashabiki kila kona ya nchi ishindwe kulipa mishahara mwaka 2018, hatuna budi kuanzia hapo, maana nguvu yake na udhaifu wake vilitoka mahali pamoja.

Nguvu ilikuwa mapenzi. Udhaifu ni kwamba mapenzi hayo hayakuwa na njia ya kudumu ya kugeuka fedha. Wengi walishangilia bila kuwa na kadi, na waliovaa rangi za kijani na njano mara nyingi walivaa jezi za mitaani zisizoiingizia klabu hata senti. Tegemeo kubwa lilikuwa viingilio, na hapo napo palikuwa na kikwazo. Klabu ina jengo lake kwenye kona ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na pembeni yake kuna Uwanja wa Kaunda, lakini eneo hilo limo katika bonde la Msimbazi na masika yakikolea maji hufurika. Kwa hiyo mechi zilichezwa katika uwanja wa serikali, na kabla fedha ya mlangoni haijafika Jangwani ilipitia makato ya kodi, ya gharama za uwanja na ya shirikisho la soka.

Mfumo huo ungeweza kurekebishwa mapema kama wanachama wangekubaliana. Hawakukubaliana. Mwaka 1976 mgogoro mkubwa uliigawa klabu, na kundi lililoondoka likaunda Pan African. Miaka ishirini na ushee baadaye mzozo ulirudi kwa sura nyingine: wapo waliotaka Yanga iendeshwe kama kampuni, na wapo waliotaka ibaki kama ilivyorithiwa kwa wazee. Ndipo yalipozaliwa makundi ya Yanga Kampuni na Yanga Asili. Ilikuwa kama nyumba ya urithi ambayo warithi wanagombea hati huku paa linavuja. Kila upande ulikuwa na hoja yenye uzito, lakini mabishano yalipokuwa yakiendelea, swali la mapato liliachwa kando.

Katika hali hiyo ndipo mfanyabiashara Yusuf Manji alipoingia kama mfadhili mwaka 2006. Alisaidia kuyapatanisha makundi, na akatoa fedha za usajili na mishahara. Mei 2012 Yanga ilifungwa 5-0 na watani wake wa jadi, Simba, uongozi wa wakati huo ukaondoka, na Julai wanachama wakamchagua Manji kuwa mwenyekiti. Matunda yalionekana uwanjani: ubingwa wa ligi ulikuja mara tatu mfululizo, kuanzia msimu wa 2014/15 hadi 2016/17, na mwaka 2016 timu ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mashabiki walianza kujiita wa kimataifa.

Hata hivyo, mafanikio yale yaliuficha ugonjwa. Mwenyekiti alipokuwa tayari kujaza pengo, hapakuwa na haraka ya kujenga vyanzo vingine. Mwaka 2013 kampuni ya Azam Media ilipoanza kununua haki za kuonyesha mechi za ligi, Yanga iliukataa mkataba huo kwa kuona ofa ni ndogo na utaratibu wake haukuwa wa haki. Hoja hiyo ilikuwa na msingi, kwani klabu yenye watazamaji wengi ilipewa kiasi kilekile cha klabu ndogo. Lakini ni klabu yenye tajiri pekee ndiyo iliyoweza kusema hapana kwa urahisi namna ile.

Agosti 2016 Manji aliwaeleza wanachama pendekezo jipya: akodishwe timu na nembo kwa miaka 10, abebe gharama zote, na klabu ipate asilimia 25 ya faida. Wengi mkutanoni waliunga mkono, lakini nje ya ukumbi mjadala ukawaka. Waliokubali walisema kwamba analipa tayari, hivyo ni afadhali alipe kwa mkataba. Waliopinga waliuliza ni nani atakayekagua hesabu za faida, na miaka 10 ikiisha klabu itabaki na nini. Mpango ukakwama katika masuala ya katiba na sheria. Mei 2017 Manji akajiuzulu.

Madhara yalifuata kwa mpangilio ambao mtu angeweza kuutabiri. Kwanza waliondoka wachezaji: Simon Msuva alikwenda Morocco, Haruna Niyonzima akavuka kwenda Simba. Kisha malimbikizo ya mishahara yakaanza kusikika, na baadhi ya wachezaji wakagomea mazoezi. Aprili 2018 kocha George Lwandamina alirejea kwao Zambia. Mei mwaka huo timu ilifungwa 4-0 na USM Alger jijini Algiers, na msimu ukaisha Yanga ikiwa ya tatu nyuma ya klabu za Simba na Azam.

Vijiweni, kwenye daladala na kando ya redio za asubuhi, mashabiki walitoa maelezo matatu. Ya kwanza yalisema kwamba tatizo ni kuondoka kwa Manji, na dawa ni kumrudisha. Ya pili yaliwalaumu viongozi waliobaki kwa kukosa mipango. Ya tatu yaliutazama mpira wa nchi kwa jumla: haki za televisheni zililipa kidogo, na msimu wa 2018/19 ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu.

Maelezo ya kwanza yalikuwa na wafuasi wengi kiasi kwamba Juni 2018 mkutano wa wanachama uliyakataa maombi ya Manji ya kujiuzulu, mwaka mzima baada ya kuyatoa. Lakini yanaeleza tu lini klabu ilianguka, hayaelezi kwa nini haikuwa na mguu mwingine wa kusimamia. Maelezo ya pili yana ukweli kiasi, ila kiongozi mwenye mipango mizuri angekuta hazina ileile. Ya tatu yanatufaa zaidi, ingawa nayo hayatoshi, kwa sababu Simba ilicheza ligi hiyohiyo na ikatwaa ubingwa. Simba nayo ilikuwa na tajiri, Mohammed Dewji, na Desemba 2017 wanachama wake walikubali mabadiliko ya umiliki. Tukiyaweka pamoja tunapata jibu lenye uzito zaidi: ligi yenye mapato madogo ilizifanya klabu zote mbili kubwa zihitaji mfadhili, na Yanga ilimpoteza wake kabla haijajenga mfumo wa kumsubiri mwingine.

Msimu wa 2018/19 ndipo shabiki wa kawaida alipoitwa kuokoa klabu yake. Kocha Mwinyi Zahera, raia wa Kongo, hakuficha hali ya ukata. Alizungumza waziwazi mbele ya waandishi na kuwahimiza wapenzi wachange. Watu wakatuma fedha kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Mashabiki wa Simba waliwakebehi kwa neno moja, bakuli. Timu hiyo ya michango ilimaliza ya pili, ikiongozwa kwa mabao na Heritier Makambo, ambaye baadaye aliuzwa Horoya ya Guinea. Kwa maoni yangu, huo ndio msimu wenye heshima kubwa katika habari hii yote. Bakuli halikutosha kulipa madeni, lakini liliwathibitishia viongozi kwamba shabiki yuko tayari kutoa akiombwa na akijua fedha inakwenda wapi.

Mei 2019 ulifanyika uchaguzi, na Mshindo Msolla akawa mwenyekiti. Mwaka huo kampuni ya GSM iliingia kwa udhamini na biashara ya jezi, kisha usajili. Safari hii wanachama hawakuishia kumshangilia mfadhili. Juni 2021 walipitisha mabadiliko yanayowaachia wanachama asilimia 51 na wawekezaji asilimia 49, kama kanuni za nchi zinavyotaka. Mwezi mmoja kabla, Azam Media na shirikisho walikuwa wametia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, hivyo hata mazingira ya ligi yalikuwa yameanza kubadilika. Yanga ilitwaa ubingwa wa 2021/22 bila kupoteza mechi, na Julai 2022 Hersi Said, aliyetoka GSM, akachaguliwa rais wa klabu. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger ileile. Ilifungwa 2-1 Dar es Salaam, ikashinda 1-0 Algiers, na ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini.

Je, Yanga ilipona, au ilipata tajiri mwingine? Wanaosema ilipona hutaja katiba mpya, jezi rasmi na usajili wa wanachama. Wenye shaka hutaja ukubwa wa mkono wa GSM, na hukumbusha kwamba hata mwaka 2016 mambo yalionekana kunyooka. Vikombe haviwezi kuamua ubishi huu, maana Manji naye alileta vikombe. Utaamuliwa na swali ambalo kila mwenye kadi ana haki ya kulisimamia mkutanoni, wakati timu inashinda na mfadhili bado yupo: akiondoka kesho, viingilio, jezi, ada na haki za televisheni vitalipa mishahara ya miezi mingapi? Mwaka 2017 hakuna aliyeliuliza mapema, na waliolipa gharama ya ukimya huo ni wachezaji waliokaa bila mishahara na mashabiki waliochanga kwa simu.