Upambanuzi wa Juu kwenye Runinga ya Kisogo

Herufi HD zimebandikwa kila mahali Kawangware na Kibera: kwenye katoni za deki, kwenye dekoda, kwenye kibao cha duka linalokunakilia sinema kwenye flashi, hata kwenye simu ambayo skrini yake haizidi kiganja. Ukimuuliza muuzaji maana yake atakwambia ni "picha safi", nawe utaridhika. Hajakudanganya, ila amekuachia swali ambalo jibu lake ni pesa: safi kwenye skrini ipi? Kwa mwenye runinga ya kisogo, ile yenye bomba la kioo na mgongo unaojaza nusu ya meza, hilo ndilo swali lenyewe.

Tuanze na D. Ni kifupi cha neno la Kiingereza "definition", na anayelitafuta kwenye kamusi hukutana kwanza na fasili, yaani maelezo ya maana ya neno. Katika ufundi wa picha, hata kabla ya runinga, neno hilo lilikuwa na kazi nyingine: kueleza ni kwa kiasi gani vitu vidogo vilivyokaribiana huonekana vimeachana. Unywele na unywele. Namba 3 na namba 8 mgongoni mwa mchezaji aliye mbali.

Kiswahili kimejaribu majina kadhaa. "Ubora wa juu" ndilo lililoenea, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu ubora wa picha unajumuisha rangi, mwanga, utulivu wa mwendo na mengine mengi, wakati HD inahesabu jambo moja tu. "Mwonekano" ni pana mno. "Uangavu" unapotosha kabisa: ukisikia uangavu utaongeza mwanga, na kwenye runinga ya kisogo kuongeza mwanga huipunguzia picha makali, kwa kuwa mwali wa elektroni unapoongezewa nguvu hunenepa na kumwagikia nukta za jirani. Mafundi wengi wanalijua hili kwa mikono, hata kama hawajawahi kulisoma.

Mimi naona tuseme upambanuzi, na HD iwe upambanuzi wa juu. Kupambanua ni kutenga hiki na kile vilivyofanana au kukaribiana, na ndiyo kazi hasa inayopimwa. Zaidi ya hapo, kitenzi hicho kinadai mtendaji. Ukisema deki ina upambanuzi wa juu, msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani atakayepambanua: diski, waya, kioo au jicho? Wote wanne wamo kwenye safari moja, na aliye dhaifu kuliko wenzake ndiye anayeamua.

Diski kwanza. Kenya ilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 kwa kila picha. Kati ya hiyo, 576 ndiyo inayobeba picha yenyewe, na picha ni 25 kwa sekunde. DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, ilikatwa kwa kipimo hicho hicho: nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu, jumla 414,720. Kwa maneno mengine, DVD nzuri inaipa runinga ya kisogo karibu kila inachoweza kupokea. VCD zilikuwa na nukta 352 kwa 288 tu, ndiyo maana aliyehama kutoka VCD kwenda DVD aliiona tofauti siku hiyo hiyo, bila kuambiwa na mtu.

Mwaka 2006 ikaja Blu-ray, na pembeni yake HD DVD ya Toshiba, iliyosalimu amri Februari 2008. Siri ya Blu-ray iko kwenye rangi ya mwanga. DVD husomwa kwa leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Blu-ray hutumia ya buluu-zambarau, nanomita 405. Wimbi fupi hukusanyika kwenye kitone kidogo zaidi, kwa hiyo alama nyingi zaidi hupangika kwenye diski ya ukubwa ule ule: gigabaiti 25 kwa tabaka moja, dhidi ya 4.7 za DVD. Picha yake ina nukta 1920 kwa 1080. Zidisha, utapata 2,073,600, mara tano kamili ya zile za DVD.

Sasa iunganishe kwenye runinga yenye mistari 576. Mashine haina budi kutupa nukta nne katika kila tano kabla ya picha kutoka mlangoni. Mtungi wa lita ishirini hauingii kwenye kikombe, hata ukiumimina taratibu.

Na kuna waya. Nyuma ya runinga nyingi za kisogo mna matundu matatu: jekundu na jeupe ya sauti, la njano la picha. Waya wa njano hubeba mwanga na rangi vikiwa vimechanganywa, kisha runinga hujaribu kuvitenga upya, na haifaulu kikamilifu. Ule utambazi wa rangi unaouona kwenye shati la mistari la mtangazaji hutokana na hapo. Tundu la HDMI, ambalo ndilo njia ya kawaida ya HD, halimo. Watengenezaji wa Blu-ray waliufunga hata mlango uliobaki: chini ya masharti ya ulinzi wa sinema hizo, mashine zilizoundwa baada ya mwisho wa 2010 zililazimika kushusha picha ya sinema zilizolindwa hadi kiwango cha kawaida kila inapotoka kwa njia ya analojia, na zilizoundwa baada ya mwisho wa 2013 hazikuruhusiwa kuitoa kwa njia hiyo kabisa. Ukinunua mpya leo, itabidi utafute na kile kisanduku kidogo cha kugeuza HDMI kuwa waya wa njano. Umelipia upambanuzi wa juu, kisha umelipia kifaa cha kuuondoa.

Je, hakuna faida yoyote? Ipo, ndogo. Picha iliyopunguzwa kutoka nukta milioni mbili huwa tulivu kuliko iliyobanwa tangu mwanzo. Kwenye matukio ya gizani, yale madoa ya mraba yanayoonekana kwenye DVD iliyobanwa kupita kiasi hupungua. Ukiweka runinga mbili sambamba utaiona tofauti. Ukiwa na moja, sidhani.

Kuna hasara nyingine ambayo haitajwi sana. Runinga ya kisogo ina umbo la 4 kwa 3, sinema za leo ni pana. Ili picha ya 16 kwa 9 iingie yote, mistari myeusi huwekwa juu na chini, na kati ya mistari 576 inabaki 432 tu ya kubeba sinema. Ikiwa ni sinema pana zaidi, za vita na majoka, hubaki kama 327. Hapo hata DVD yenyewe haitumiki yote.

Tufike kwenye jicho, kwa sababu Nairobi ina jambo la pekee la kusema hapa. Jicho zima huweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa pembe ya karibu sehemu moja ya 60 ya digrii. Runinga ya kisogo ya inchi 21 ina kioo cha urefu wa sentimita 30 hivi kutoka juu hadi chini, kwa hiyo kila mstari una unene wa nusu milimita na kidogo. Ukikaa umbali wa mita 1.8, mistari hiyo inaanza kushikana machoni. Chumba cha "ten by ten", futi kumi kwa kumi, ambacho ndicho nyumba nzima kwa familia nyingi za Kibera, kina mita tatu ukutani hadi ukutani. Toa meza, toa kina cha kisogo, toa kochi. Anayeegemea ukuta amekaa karibu na mpaka wenyewe. Kwa skrini ya inchi 21 katika chumba hicho, hata ungeipa mistari elfu, mtu wa kwenye kochi hangeifaidi. Mtoto aliyekaa sakafuni, pua kwenye kioo, ndiye pekee angeiona, na mamake atamwambia arudi nyuma.

Mahali ambapo Blu-ray na runinga ya kisogo zilikutana kweli, nadhani, si sebuleni bali kwenye vibanda vya michezo. PlayStation 3 ilikuwa mashine ya Blu-ray, na katoni yake ilikuja na waya wa njano, mwekundu na mweupe. Mwenye kibanda angeweza kuichomeka kwenye runinga yake ya zamani na vijana wakaendelea kulipia mechi. Lakini michezo ilikuwa imechorwa kwa ajili ya skrini za HD, na maandishi yake yakawa madogo mno kwa mistari 576. Jina la mchezaji mwenye mpira likageuka kamba ya madoa, na saa ya mechi ikahitaji kukisiwa. Hapo upambanuzi unakuwa na maana bila mwalimu: huwezi kutenga 3 na 8. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na HDMI peke yake, na ikamaliza ubishi kwa wale waliotaka kuendelea na biashara.

Kwenye vibanda vya video hali ni tofauti. Anayelipa kuona sinema iliyosimuliwa na DJ Afro amefuata sauti, vichekesho na majina mapya ya mashujaa. Spika iliyopasuka itamfukuza kabla ya picha hafifu.

Kisha kukawa na 2015. Februari mwaka huo mitambo ya analojia ilizimwa Nairobi, NTV, KTN na Citizen zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, na watu wakalazimika kununua dekoda za mfumo wa DVB-T2. Nyingi zilikuwa na herufi HD usoni. Dekoda hizo ziliisaidia kweli runinga ya kisogo, ila si kwa sababu ya HD: zilifuta chenga na vivuli vya mawimbi yaliyogonga mabati na majengo. Usafi huo ni wa mawimbi, si wa nukta, lakini kwa kuwa vyote vilifika katika katoni moja, HD ikapewa sifa isiyo yake.

Ushauri wangu kwa mwenye kisogo ni abaki na deki yake ya DVD. Pesa ya Blu-ray aiweke kwa ajili ya runinga ya bapa, hata ya mitumba, kwa sababu diski zenyewe za Blu-ray ni adimu madukani na sinema karibu zote sasa zinahama kwa flashi. Akinunua, asome kwa makini: lebo ya HD Ready iliyoanzishwa Ulaya mwaka 2005 ilidai mistari isiyopungua 720, na runinga nyingi za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768. Katika ten by ten hizo zinatosha. Mita 1.8 kutoka kwenye kioo hicho, mistari 768 inashikana machoni vilevile, na anayedai nyongeza ya bei kwa sababu yake ina 1080 anauza kitu ambacho kochi halitakiona.