Kichwa cha treni kilichoitwa Uluguru, ila Moro hakijawahi kukanyaga

Wadau wangu, leo mastaa tuwape likizo. Najua mmezoea nani kaachana na nani, ila hii stori imenikaa kichwani wiki nzima, na kama tunapenda kutajana majina basi hii nayo ni ya majina. Ni stori ya treni.

Tuanzie mbali kidogo. Kule Florida, Marekani, kampuni ya Disney ilifungua mwaka 1998 bustani kubwa ya burudani ya wanyama inayoitwa Disney's Animal Kingdom. Ndani yake wamejenga kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki, wakakiita Harambe. Ndiyo, ni harambee yetu hiyo hiyo, e moja imeliwa njiani. Kuta zimechakazwa makusudi zionekane za zamani, na stesheni ipo. Unapanda treni linaitwa Wildlife Express, juu ya mabehewa wamepanga mizigo ya maigizo kama vile kuna abiria wanatoka shamba, halafu linakuzungusha. Kichwa chake kina sura ya treni la moshi kabisa. Geresha tupu! Ndani ni injini ya dizeli, na kimetengenezwa Uingereza.

Watu wanapanga foleni kulipanda hilo. Mimi nikajiuliza, kwa nini Mmarekani akitaka kuichora Afrika Mashariki anachora treni la moshi na wanyama? Jibu ni kwamba kitu hicho kilikuwepo kweli, tena kiliuzwa hivyo hivyo, kama kiingilio cha kwenda kuona wanyama.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ikafika Nairobi 1899, na Kisumu, kwenye Ziwa Victoria, 1901. Waingereza walileta wafanyakazi kutoka India zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walifia kwenye ujenzi. Ilipokamilika ikawa deni. Pesa ya walipa kodi wa Uingereza imemwagika porini, abiria wachache, mizigo michache. Sasa unafanyaje? Unatafuta matajiri. Wakachapisha matangazo ya rangi kuwaita wakubwa wa Ulaya waje kula baridi yao huku kwenye joto, na kwenye picha treni linapita huku simba, twiga na wengineo wamelizunguka kama wamekuja kulipokea. Ujumbe ulikuwa wazi: kaa kwenye behewa, angalia dirishani, mbuga nzima ni yako.

Na hawakudanganya sana. Tambarare za Kapiti na Athi kabla ya kuingia Nairobi zilijaa pundamilia na nyumbu hadi upeo wa macho. Twiga walikuwa wanakata nyaya za simu kwa shingo.

Aprili 1909 akaja Theodore Roosevelt, ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani. Huyu behewani hakutulia. Alikaa mbele kabisa ya kichwa cha treni, kwenye benchi lililowekwa juu ya ile ngao ya kusukumia ng'ombe, upepo unampiga usoni, anaangalia wanyama kama mtu aliyekata tiketi ya siti ya mbele. Akaja kuandika kwenye kitabu chake kwamba ni kama reli inapita katika zama za kale za dunia. Safari ile yeye na mwanawe waliua wanyama 512. Kwenye meli ya kuja huku alikuwa pamoja na Frederick Selous, mwindaji Mwingereza. Wa Moro mnalijua hilo jina, ndilo lililobandikwa kwenye lile pori la akiba kubwa kusini mwa mkoa wetu, ambalo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Selous alipigwa risasi huko huko Beho Beho mwaka 1917, vita ya kwanza, na kaburi lake lipo.

Ona sasa mambo ya majina yanavyokwenda. Mwaka 1898, wakati wanajenga daraja la mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo walikula watu kwa miezi kadhaa. Mnaijua hii, filamu zimetengenezwa. Mhandisi John Patterson aliwaua Desemba mwaka ule. Akaandika kitabu, na humo akasema Wahindi waliouawa ni 28, halafu kuna Waafrika wengi ambao hesabu yao rasmi haikuwekwa na mtu. Soma tena hapo. Hawakukosa majina tu. Hata namba hawakupewa. Miaka ya baadaye Patterson akawa anataja watu 135. Wanasayansi walikuja kupima mifupa na nywele za wale simba, na mwaka 2009 wakakadiria ni kama watu 35. Simba wenyewe? Ngozi zao zilikaa nyumbani kwa Patterson miaka 25, kisha zikauzwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field kule Chicago. Wapo hadi leo ndani ya kioo, wamejazwa vizuri, wana kibao cha maelezo. Mkulima aliyeliwa hana kibao.

Haya, twende kwenye mnyama wa chuma.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa kuwa shirika moja. Mwaka huo huo ikatangazwa Hifadhi ya Tsavo, na reli ndiyo ikapita katikati, Mashariki upande mmoja na Magharibi upande mwingine. Nairobi nayo ilikuwa imeshapata hifadhi yake 1946. Kwa hiyo treni la Mombasa usiku mzima lilikuwa linapita kwa wanyama. Mizigo ikazidi, bandari ikajaa, wakahitaji kichwa chenye nguvu ya kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Wakaagiza Manchester, kiwanda cha Beyer Peacock, vichwa 34 vya namba 59. Vilianza kuja 1955.

Kwa wasiojua, hivi vinaitwa Garratt. Fikiria tanki kubwa la kuchemshia maji limewekwa katikati, halafu mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu na mitambo, kama jongoo aliyebebwa na jongoo wawili. Urefu zaidi ya mita 30, uzito tani kama 250. Kwenye reli za mita moja kwenda upana, duniani kote hakukuwa na kichwa cha mvuke kikubwa kuliko hiki. Kilikuwa kinachoma mafuta mazito, si kuni wala makaa. Kilivuta tani 1,200 kupanda mlima. Safari ilikuwa ndefu hadi timu mbili zinasafiri pamoja, moja inaendesha, nyingine inalala kwenye behewa lake nyuma, wanapokezana. Fikiria uko zamu ya saa nane usiku, joto la boila mbele yako, nje giza la Tsavo, taa inamulika tembo wamesimama kwenye mataruma.

Na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, kwenye kibao ubavuni. Mount Kenya. Mount Meru. Mount Hanang. Mount Rungwe. Mount Kilimanjaro. Namba 5926 kiliitwa Mount Kimhandu, na wale wa Matombo na Kinole mnajua Kimhandu ni wapi, ndicho kilele kirefu kuliko vyote katika milima yetu, zaidi ya mita 2,600. Namba 5931 kikaitwa Uluguru Mountains. Aisee, mimi niliposoma hilo nilisimama. Milima ninayoiona kila asubuhi nikifungua mlango ilikuwa inakimbia Voi!

Ila hapa Moro haikuja hata siku moja. Sababu ni uzito. Kila ekseli ya namba 59 ilikandamiza reli kwa tani 21 hivi, na Reli ya Kati ilikuwa nyepesi mno kwa mzigo huo. Reli yetu Wajerumani waliianza Dar 1905, ikafika Morogoro 1907, Kigoma 1914. Miaka ile ile ya Majimaji, hivyo msiniulize watu walifanyishwaje kazi. Kwa hiyo sisi tulihudumiwa na vichwa vyepesi zaidi, vikiwemo Garratt wadogo wa namba 60, ambavyo vingi navyo vilipewa majina. Ya nani? Ya magavana! Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika, alikuwa na chake. Baada ya uhuru vibao vya magavana vikang'olewa, milima ikaachwa. Hilo nawapa heko.

Wanyama hata kwetu walikuwepo. Ukitoka Morogoro kwenda Kilosa unapita stesheni ya Mkata, na tambarare ile ya Mkata ndiyo hiyo hiyo inayoendelea hadi Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa 1964. Ila hakuna aliyetuchapishia tangazo la rangi.

Dizeli ilipoingia, vichwa vya namba 59 vikaanza kuondolewa 1973, vya mwisho 1980. Katikati hapo, 1977, Jumuiya ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kila nchi ikabaki na vyuma vilivyokuwa kwake. Kwa hiyo Uluguru, Kimhandu, Hanang, Rungwe na Kilimanjaro vikabaki Kenya. Kati ya 34 vimesalia viwili tu, vipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi: Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai ni mlima ulio karibu na Ziwa Natron, Shengena uko Upare. Yote miwili ni ya Tanzania, sijui Wakenya mnalionaje hilo, hahaha. Gelai hata kiliwahi kufufuliwa kikatembea tena na watalii. Uluguru kikakatwa chuma chakavu.

Siku hizi SGR ya umeme inafika Moro kutoka Dar tangu Juni 2024, na Mchongoko tunapiga nao picha. Kenya reli mpya inavuka Hifadhi ya Nairobi juu ya daraja la kilomita 6 hivi ili wanyama wapite chini. Watoto wa mjini mnarekodi video ya twiga kupitia kioo. Roosevelt angewaonea wivu kwa kiyoyozi.

Kinachoniuma ni kimoja. Namba ya kila kichwa naijua, jina la mlima wake nalijua, uzito naujua, na kiwanda naweza kukutajia. Simba wa Tsavo nakuonyesha walipo. Lakini waliochochea moto, waliopaka grisi usiku, waliobadilisha njia kwa mkono pale stesheni, waliotembea kukagua mataruma huku simba wapo, hao kwenye kila picha wamesimama kando ya gurudumu na chini pameandikwa "wafanyakazi". Madereva Wazungu na Singasinga angalau baadhi yao wametajwa vitabuni. Waafrika, ambao mwishoni nao walikuwa madereva wa majitu yale, unatafuta hadi macho yanauma.

Moro ni mji wa reli. Kuna nyumba zina babu aliyestaafu reli na hajawahi kuulizwa swali. Kama ni wa kwenu, kesho mpelekee chai umuulize alifanya kazi gani, stesheni gani, mwaka gani, kichwa namba ngapi. Halafu shuka hapo chini kwenye maoni uandike, mkiwa mmekubaliana na yeye mwenyewe. Jina lake litangulie, namba ya kichwa ifuate.