"Playbill": Ndugu wa Bili ya Maji

Bili ya maji ikifika nyumbani, hakuna anayewaza tamthilia. Unaangalia jumla, unaguna, unaichomeka mahali. Lakini neno hilo tulilolichukua kwa Waingereza lina ndugu aliyefanya kazi kwenye maigizo: "playbill", yaani bango la kutangaza mchezo wa kuigiza.

Mzizi wake ni wa Kilatini. "Bulla" kilikuwa kiputo, au kitu cha mviringo. Baadaye likawa jina la muhuri wa risasi uliotundikwa kwenye hati, kisha hati yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya hati nzito za Papa huitwa hivyo hadi leo. Kwa Waingereza likawa "bill", na likaanza kushuka ngazi: hati rasmi, orodha, madai ya pesa, mwishowe karatasi ya kubandika mtaani. Kutoka muhuri wa Papa hadi karatasi inayosubiri mvua!

Katika London ya Shakespeare, karatasi hizo zilibandikwa kwenye nguzo za barabarani, na nguzo kwa Kiingereza ni "post". Hapo ndipo lilipotoka neno "poster". Hata "kuposti" kwetu kwa mtandaoni, ukilifuata nyuma, utalikuta limeegemea nguzo ileile.

Usidhani ilikuwa kazi ya hovyohovyo. Kuchapa mabango ya michezo kulitaka haki maalumu. Haki hiyo alikuwa nayo James Roberts, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikaingia mikononi mwa William Jaggard. Ni kiwanda cha huyuhuyu Jaggard na mwanawe Isaac kilichotoa, mwaka 1623, kitabu kikubwa chenye tamthilia 36 za Shakespeare. Takriban nusu yake hazikuwa zimewahi kuchapwa. Mojawapo ni ile ya Julius Caesar. Bila kitabu kile, huenda Mwalimu Nyerere asingekuwa na cha kutafsiri alipotuletea Kaizari wake kwa Kiswahili mwaka 1963.

Kitabu kilipona. Mabango je? Hakuna hata moja la mchezo wa Shakespeare, la wakati akiwa hai, lililotufikia. Na hata lingepatikana leo, usitarajie sana kuliona jina lake. Mwaka 1699 mshairi John Dryden aliandika katika barua kwamba ameona jina la mwandishi, William Congreve, limechapwa kwenye bango la mchezo, akasema huo ni mtindo mpya Uingereza. Shakespeare alikuwa kaburini miaka 83.

Nayasema haya kwa sababu na sisi tuko kwenye njia hiyohiyo. Siku hizi tamthilia inatangazwa kwa picha kwenye "status" ya WhatsApp, na baada ya saa 24 imefutika. Kitabu kitatunza maneno ya mwandishi, sawa. Lakini nani alicheza, ukumbi gani, jioni ya tarehe ngapi, kiingilio shilingi ngapi? Hayo hukaa kwenye bango. Kama unalo la zamani, limekunjwa ndani ya kitabu au chini ya godoro, usiwashie jiko. Lipige picha, andika mwaka nyuma yake, litunze.