Ngozi ya Ngao na Ngozi ya Bunduki

Tumefundishwa kwamba kazi ya sanaa ina fani na ina maudhui, na kwamba viwili hivi havitenganiki. Tukishatoka darasani tunavitenganisha bila haya. Tukiona ngao iliyochorwa tunasema, "Hayo ni mapambo tu." Hilo neno "tu" ndilo linalonisumbua. Katika makala haya nitadai kwamba pambo la silaha au la zana ni maandishi, tena yana wasomaji wake, na kwamba swali kubwa katika historia yake si la uzuri bali la ruhusa: ni nani aliyemruhusu mwenye silaha kuipamba hivyo?

Ndugu msomaji, jambo lenyewe lilianzia nyumbani kwetu Ringwani, wilayani Serengeti, wakati wa likizo. Mdogo wangu alitumwa mashineni kusaga mahindi. Akarudi na mahindi yale yale. Hela ya kusagia, pamoja na ya sabuni, alikuwa ameipeleka kwa wakala, akaitia kwenye simu na kununua skini ya bunduki katika mchezo mmoja wa vita. Skini ni neno la Kiingereza lenye maana ya ngozi. Ni rangi na michoro anayovishwa bunduki wa kwenye mchezo, basi. Haimfanyi apige mbali zaidi, wala risasi hazizidi ukali.

Baba alifoka sana. Babu akaomba apewe simu. Akaitazama ile bunduki ya rangi ya dhahabu, akauliza:

"Umefanya nini hata ukapewa hii?"

"Sikupewa, babu. Nimenunua."

"Kwa hiyo hata mwoga anaweza kuwa nayo?"

"Ndiyo, babu, akiwa na hela."

Babu akamrudishia simu, hakusema zaidi. Mimi nilirudi chuoni na lile swali lake.

Sisi Wangoreme ni watu wa upinde na mshale, na majirani zetu wa mashariki ni Wamasai, ambao wazee wetu walipigana nao na pia kuishi nao. Ngao ya Mmasai ndiyo ushahidi mzuri zaidi ninaoujua. Ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, kisha ikachorwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Michoro hiyo huitwa sirata. Afisa wa Kijerumani, Moritz Merker, aliieleza katika kitabu chake juu ya Wamasai cha mwaka 1904, na mwaka uliofuata Mwingereza A. C. Hollis naye akatoa chake. Kwa maelezo ya wakati ule, sirata ilionyesha mwenye ngao ni wa rika gani na anatoka upande gani wa nchi. Kadhalika kulikuwa na alama ya ushujaa ambayo moran hakuweza kujichorea bila ruhusa ya viongozi wake.

Hapo ndipo ile "tu" inapovunjika. Rangi haikuzidisha unene wa ngozi ya nyati. Mkuki wa adui ungepenya pale pale. Lakini adui aliyeona ngao ile kwa mbali alikwisha kusoma: hawa ni nani, wametoka wapi, na yupi kati yao wa kuogopwa. Na wenzake moran walisoma pia, nao ndio waliokuwa wahakiki wakali zaidi, maana walikuwapo vitani na wangejua kama anadanganya.

Zana nazo zina maandishi yake. Mpini wa jembe la bibi yangu una pete tatu alizozichoma kwa chuma cha moto. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo. Kumbe wanawake wanapolima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, majembe hulazwa pamoja chini ya mti wakati wa kula, na pete zile ndizo zinazosema: hili ni la fulani. Hata taifa linaandika kwa namna hiyo. Nembo yetu ni ngao, na ndani yake mna mkuki, shoka na jembe. Bendera ya Kenya ya mwaka 1963 ina ngao ya Kimasai na mikuki miwili. Hakuna anayekwenda kulima wala kupigana na vifaa hivyo. Vinasomwa.

Lakini mhakiki asidanganye. Tusiseme kwamba zamani pambo lilistahiliwa na leo linanunuliwa. Tazama jambia la Waomani, ambalo lilivaliwa hata katika pwani yetu chini ya masultani wa Zanzibar. Ala na mpini wake hufunikwa kwa fedha, na kazi ile ya sonara ina bei. Mwenye nacho alivaa zito, asiye nacho alivaa jepesi. Chuma cha ndani hakikuwa kikali zaidi kwa sababu ya fedha ya nje. Kwa hiyo tabaka lilikuwa limekwisha kuingia kwenye ala ya jambia kabla simu haijazaliwa.

Kipya ni kipi basi? Mwezi Agosti 2013 mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike: Global Offensive ulianza kuwapa wachezaji skini za silaha. Nyingine zilikuwa ndani ya makasha. Unanunua ufunguo, unafungua, na hujui utapata nini. Skini adimu zikawa zinauzwa kwa pesa nyingi. Mwaka 2018 Ubelgiji ilitamka kwamba makasha ya namna hiyo yanayolipiwa ni kamari. Sonara wa jambia alikuuzia kitu ukakiona na kukishika. Hapa unauziwa bahati, na anayekupa ruhusa ya kupamba ni mwenye mchezo. Siku akiuzima, ngozi zako zote zimekwenda naye.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiandike haya kwa kucheka. Mkoani Mara bunduki haikuwa mchezo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–1979 bunduki zilienea katika wizi wa ng'ombe wa Tarime na Serengeti, na watu walikufa. Bunduki zile hazikuwa na sirata. Aliyeibeba usiku hakutaka kusomwa, alitaka asijulikane. Nadhani babu alikuwa anakumbuka hayo alipouliza swali lake. Silaha iliyochorwa ina mwenyewe, na mwenyewe ana watu wa kumuuliza. Ile isiyo na alama haimjibu mtu.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza mdogo wangu, katika skini zake zote ni ipi anayoipenda zaidi. Nilitegemea ataje ile ya dhahabu. Akanionyesha nyingine, ya kijivu, haivutii hata kidogo.

"Hii hainunuliwi, dada. Unapewa ukifika daraja la juu. Hapa kijijini tuko wawili tu."

"Na wenzako wanajua?"

"Wanajua wote."

Jamani, huyo naye ni mhakiki. Hakuna aliyemfundisha, lakini anajua tofauti ya alama ya kununua na alama ya kupewa, na anajua kwamba ya pili haina thamani bila wenzake wanaoisoma. Ngao za Wamasai zilizochukuliwa enzi za ukoloni ziko hadi leo katika makumbusho ya Ulaya, rangi zikiwa bado zinaonekana. Zimehifadhiwa vizuri, lakini moran wa kuzisoma hawapo mle ndani. Kule ndiko zilikogeuka kuwa mapambo tu.

Hela ya kusagia mahindi ameilipa kwa kuchunga ng'ombe wa jirani wiki mbili. Ile skini ya dhahabu bado anayo. Babu hajaiulizia tena.