Mtanashati

Mtanashati (wingi: watanashati) ni mtu nadhifu anayejua kuvaa. Neno linamfaa hata mwanamke, lakini mazungumzoni humwangukia zaidi mwanamume, hasa kijana. Kiini chake ni usafi. Shati la mitumba lililofuliwa na kupigwa pasi humpa mtu utanashati ambao suti ya bei ghali yenye kola chafu haimpi. Linaachana pia na maridadi, neno linalosifu pia nyumba, gari, hata bao la mpira. Mtanashati ni binadamu tu.

Katika Ekero, soko lililo karibu na Mumias katika Kaunti ya Kakamega, kipimo hiki cha usafi kina historia ndefu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilikuwa ikipiga kambi kwa watawala wa ufalme wa Wanga huko Mumias miaka mingi kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson alipita huko mwaka 1883. Kutokana na biashara hiyo, na Uislamu ulioandamana nayo, kanzu na kofia zilizoeleka Mumias enzi za mfalme wa Wanga, Nabongo Mumia, aliyefariki mwaka 1949. Vazi hilo lilikuja na masharti yake: anayekwenda kuswali Ijumaa hutawadha, na nguo yake haina budi kuwa twahara. Kuvaa nyeupe katika nchi ya miwa, matope na malori si mzaha.

Tanzania ina msamiati wenye kejeli zaidi kwa kijana anayejipamba: brazameni, bishoo, kisha sharobaro, lililovuma karibu na mwaka 2010 kupitia studio ya mwanamuziki Bob Junior, aliyejiita Rais wa Masharobaro. Mchekeshaji Sharo Milionea, aliyekufa kwa ajali ya gari mkoani Tanga Novemba 2012, alimfanya sharobaro kuwa mhusika kamili, mwenye mwendo wake na lafudhi yake. Sharobaro huchekwa kwa kujishaua. Mtanashati hachekwi.

Sapeur, mpenda mavazi wa Kongo ambaye mwanamuziki Papa Wemba alimtangaza duniani, ni ndugu wa mbali: kwake jina la mshonaji wa Paris ni sehemu ya vazi. Aliye karibu zaidi na mtanashati, ajabu, ni Mwingereza Beau Brummell (1778–1840), aliyesifika zaidi kwa kuoga kila siku na kuvaa kitani safi kuliko kwa mapambo.